Dubu wa Hershey: timu ya mji wa watu 14,000 ambayo haijahama tangu 1938

Mwana Kyela

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Najua humu ndani mazungumzo ni soka, na mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Leo naomba nafasi niwaletee habari za timu ya mpira wa magongo, tena ule wa kwenye barafu. Mwaka wa tatu sasa nazunguka nayo moyoni, na naamini kila aliyewahi kuipenda timu ya mji wake ataelewa kwa nini.

Naishi Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwa gari, kama dakika 45 kuelekea kaskazini magharibi, kuna mji unaitwa Hershey. Ndiyo, Hershey ile ile ya chokoleti. Wakazi wake ni 14,000 hivi. Barabara kuu inaitwa Chocolate Avenue, na taa zake zina umbo la vile vichokoleti vyenye ncha, kimoja kimefunikwa karatasi, kinachofuata kiko wazi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa barabara.

Timu yao ni Hershey Bears, Dubu wa Hershey. Inacheza American Hockey League (AHL), ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, ambayo ndiyo ligi kuu ya mchezo huu Amerika Kaskazini. Imo katika ligi hiyo tangu 1938. Haijahama mji, haijabadili jina, haijasimama msimu hata mmoja. Imebeba Kombe la Calder, ubingwa wa ligi hiyo, mara 13, na hakuna timu nyingine iliyoifikia.

Mnaoishi huku mtaelewa kwa nini hilo si jambo dogo. Timu za daraja hili huku ni mali ya mtu. Mwenye mali akipata ofa nono mji mwingine, anafunga virago, na mashabiki wanabaki na skafu mkononi. Pittsburgh walikuwa na Hornets, Buffalo walikuwa na Bisons, Cleveland walikuwa na Barons, Providence walikuwa na Reds. Miji yote hiyo ni mikubwa mara nyingi kuliko Hershey. Timu zote hizo zilikuwa ligi moja na Dubu, na zote hazipo tena kama zilivyokuwa.

Sasa mji wa watu 14,000 umewezaje? Jibu langu nalitanguliza ili mnipinge mkitaka: timu hii imedumu kwa sababu haikuwa na mtu wa kuiuza. Nitaeleza kidogo kidogo, niko kazini na naandika wakati wa mapumziko.

Kamba ya Pwani

Nimekaa pale mkuu, nasubiri. Ila swali la haraka: ngazi moja chini ya NHL ndiyo kama Championship yetu? Wakichukua ubingwa wanapanda?

Mwana Kyela

Hapana mkuu, hapo pana tofauti kubwa. Timu haipandi wala haishuki. Wanaopanda ni wachezaji.

Kila timu ya NHL ina timu moja ya AHL iliyofungamana nayo, tuiite timu mama na mtoto. Timu mama ya Hershey leo ni Washington Capitals. Washington ndiyo inayoleta wachezaji wengi na kocha. Kijana aliyesajiliwa akiwa bado mbichi anapelekwa Hershey aive. Anaweza kucheza Jumamosi usiku mbele ya watu 10,000 wa mji mdogo, Jumapili asubuhi simu inalia, anaambiwa beki wa Washington kaumia goti, panda gari. Wiki mbili baadaye anarudi. Ligi yenyewe husema karibu asilimia 90 ya wanaocheza NHL wamepitia huko.

Kwa hiyo shabiki wa Hershey anaishi na jambo gumu: mchezaji akifanya vizuri sana, anaondoka. Unampenda mtu ukijua kabisa hatakaa. Na huyo huyo ukimwona miaka minane baadaye kwenye televisheni amenyanyua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, unasema, huyu nilimwona akianguka kwenye kona ile pale.

Jay Beagle ndiye mfano ninaoupenda. Hakuna timu ya NHL iliyomchagua alipokuwa kijana. Mwaka 2007 alishinda Kombe la Kelly na timu ya Idaho, ligi iliyo chini zaidi ya AHL. Akaja Hershey, akashinda Calder 2009 na 2010. Mwaka 2018 akabeba Kombe la Stanley na Washington. Ndiye mchezaji wa kwanza kushinda makombe yote matatu, ngazi kwa ngazi.

Mtibwa Damu

Mkuu, umenigusa pabaya. Mimi ni mtoto wa Turiani. Unaposema timu ya mji wa kiwanda, mimi naiona Mtibwa Sugar. Mji mdogo, miwa kila upande, halafu tukabeba ubingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000 mbele ya Simba na Yanga. Watu hawaamini mpaka leo. Endelea, nataka kujua huyo mwenye chokoleti aliwaza nini kuanzisha timu ya barafu.

Mwana Kyela

Ndugu yangu wa Turiani, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta.

Milton Hershey alizaliwa 1857 hapo hapo Derry, eneo ambalo mji wake upo. Alifilisika zaidi ya mara moja ujanani, kisha akatajirika hapa Lancaster kwa peremende za karameli. Mwaka 1900 aliuza kampuni ya karameli kwa dola milioni moja akabaki na chokoleti. 1903 akaanza kujenga kiwanda katikati ya malisho ya ng'ombe, maana alihitaji maziwa mengi na watu wa kufanya kazi. Watu hawakuwepo, kwa hiyo akajenga na mji: nyumba, benki, tramu, bustani ya michezo, shule.

Hoki ilianza mapema miaka ya 1930, kwanza timu za ridhaa. Watu walijaa kuliko ukumbi. Mwaka 1932 ikaundwa timu ya mji ikaitwa Hershey B'ars, mchezo wa maneno: inasomeka kama vipande vya chokoleti na inasikika kama dubu. Waandishi wa New York wakalalamika kwamba ni tangazo la biashara lililovalishwa jezi. Mwaka 1936 jina likawa Bears. Leo timu inavaa rangi ya kahawia ya chokoleti.

Mwaka huo huo wa 1936 ndio uliojengwa uwanja, na hapo naomba nikae kidogo.

Ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Viwanda Marekani nzima vinafunga milango. Milton Hershey akafanya kinyume: akajenga. Hoteli, jumba la jamii, na uwanja wa ndani wa barafu wenye viti zaidi ya 7,000 katika mji ambao haukuwa na watu wa kuujaza. Mhandisi alikuwa Anton Tedesko, Mjerumani aliyeleta ujuzi wa kujenga paa la zege jembamba kama ganda la yai. Paa lile ni kuba refu, unene wake sentimita 9 hivi, na ndani hakuna nguzo hata moja inayomziba mtu. Walijenga jukwaa la mbao lenye umbo la upinde, wakamwaga zege juu yake, likikauka wanalisogeza jukwaa mbele na kumwaga kipande kinachofuata. Wafanyakazi walikuwa wa hapo hapo mjini. Uwanja ulifunguliwa tarehe 19 Desemba 1936.

Mwezi uliopita niliingia ndani na mwanangu. Jengo bado lipo, bado lina barafu, wanafunzi wanachezea humo. Ukiinua kichwa unaona kwenye dari alama za mbao zile, mstari kwa mstari, kama jamvi lililopindwa. Mwanangu aliuliza kwa nini halidondoki. Nikamwambia nitamtafutia jibu.

Ukumbi huo huo ndimo Wilt Chamberlain alimofunga pointi 100 kwenye mechi ya mpira wa kikapu, tarehe 2 Machi 1962, Philadelphia Warriors dhidi ya New York Knicks, 169 kwa 147. Waliokuwepo ni 4,124 tu. Watu wa mpira wa kikapu wanalijua jengo hilo kwa usiku mmoja. Watu wa Hershey wanalijua kwa misimu 66.

Kamba ya Pwani

Hiyo ya Chamberlain sikujua ilikuwa huko. Nilidhani New York.

Mama Nuru wa Bukavu

Kaka yangu, asante kwa habari hii. Mimi pia nipo Lancaster, mwaka wa sita, na watoto wangu wameshaenda huko na shule yao. Ila mimi nina neno. Unamsifu huyu mzee na majengo yake. Kakao inatoka wapi? Inatoka kwetu Afrika. Tumesikia miaka mingi habari za watoto wanaovuna kakao huko Côte d'Ivoire na Ghana. Na hiyo shule yake ya yatima, ilikuwa ya yatima gani? Usituambie upande mmoja tu.

Mwana Kyela

Dada yangu, una haki, na nashukuru umesema. Sikuja kumpaka mtu mafuta.

Mimi nimezaliwa Kyela. Baba alikuwa na kakao nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Nimekata matunda yale kwa panga, nimetoa mbegu zenye ute mweupe, tumezifunika na majani ya mgomba siku kadhaa mpaka zinachacha na kunuka kama siki, kisha tunazianika kwenye mkeka na kuzigeuza kwa mikono. Chokoleti yenyewe niliionja nikiwa nimeshakuwa mtu mzima. Siku ya kwanza kushuka kwenye gari pale Hershey, upepo ukaleta harufu ya kiwandani, nilisimama kwenye maegesho nikashindwa kutembea. Ilikuwa ile ile ya mkekani kwa baba, ila imepikwa na kutiwa sukari. Kwa hiyo swali lako ninalo kila nikienda.

Majibu ni haya. Kakao nyingi ya dunia inatoka Afrika Magharibi, na kazi ya watoto huko ni kweli. Kampuni kubwa za chokoleti, Hershey ikiwemo, zilitia saini makubaliano mwaka 2001 ya kuikomesha ile mibaya zaidi, na tarehe walizojiwekea zimepita bila kutimia. Shule aliyoanzisha na mkewe Catherine mwaka 1909, hati yake ilisema wazi ni ya wavulana yatima weupe. Watoto wa rangi nyingine walifunguliwa mlango mwishoni mwa miaka ya 1960, wasichana miaka ya 1970. Na Aprili 1937, miezi minne tu baada ya ule uwanja kufunguliwa, wafanyakazi wa kiwanda waligoma wakakaa ndani, wakatolewa kwa kupigwa na wakulima wa maziwa na wenzao waliokuwa upande wa kampuni. Mji ulikuwa mzuri kwa aliyekubali kuwa mtoto wa nyumbani.

Hata hivyo ile shule ndiyo ufunguo wa habari ya timu. Hershey na mkewe hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1918, Catherine akiwa ameshafariki, Milton aliweka karibu mali yake yote kwenye amana, yaani mali inayosimamiwa na wadhamini, kwa ajili ya shule. Kampuni ya chokoleti, ardhi, hoteli, bustani ya michezo, na baadaye timu. Vyote viko chini ya amana, na amana ni ya watoto wa shule. Alipofariki Oktoba 1945 hakukuwa na warithi wa kugombana, wala mtoto wa bosi wa kuamka asubuhi na kusema hoki hailipi, tuuze.

Timu ikabeba Calder yake ya kwanza msimu wa 1946-47, fainali iliyokwenda mechi zote saba dhidi ya Pittsburgh Hornets. Mzee hakuiona.

Mama Nuru wa Bukavu

Sasa nimekuelewa. Endelea kaka.

Nairobi Kusi

Naongezea kidogo kutoka huku. Hapa Nairobi tuna barafu moja, ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, tangu 2005. Ni ndogo mno, lakini Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki, wamefanyia mazoezi hapo miaka yote. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nilijifunza kuteleza hapo, na nakuambia mwili unauma siku tatu. Je, kuna mchezaji wa nchi ya joto amepita hapo Hershey?

Mwana Kyela

Yupo. Nathan Walker. Alizaliwa Wales lakini amekulia Sydney, Australia, kwenye jua. Alihamia Ulaya akiwa mtoto kufuata hoki, kisha Hershey kuanzia 2013. Alikaa hapo misimu kadhaa akisubiri, mtu mfupi, mwenye kasi, haogopi kugongwa. Oktoba 2017 Washington wakampa nafasi, akawa Mwaustralia wa kwanza kucheza NHL, na siku hiyo hiyo akafunga goli.

Sasa niwape mtu ambaye bila yeye uzi huu usingekuwepo: Frank Mathers.

Alikuwa beki kutoka Winnipeg, Kanada. Mwaka 1956 alitoka Pittsburgh akaja Hershey kama mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Hakuondoka tena. Alistaafu 1991. Miaka 35! Akiwa kocha alichukua Calder 1958, 1959 na 1969. Kisha akahamia ofisini, meneja na baadaye rais wa klabu, akaongeza 1974, 1980 na 1988. Makombe sita ndani ya maisha ya mtu mmoja katika mji mmoja. Mwaka 1992 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la hoki kule Toronto, ingawa karibu kazi yake yote aliifanya nje ya NHL.

Kombe la 1988, waombeni wazee waliokuwepo wawasimulie. Mechi 12 za mtoano, ushindi 12. Hawakupoteza hata moja.

Chini ya Mathers alikuwepo Mike Nykoluk, kiungo mshambuliaji, aliyevaa jezi namba 8 kutoka 1958 mpaka 1972. Mechi 972. Hakuna aliyeichezea timu hii mara nyingi kuliko yeye. Wakati huo NHL ilikuwa na timu sita tu, nafasi zilikuwa chache mno, kwa hiyo wachezaji wazuri kabisa walizeekea kwenye ligi hii. Walinunua nyumba mjini, watoto wao wakasoma na watoto wa kiwandani. Hapo ndipo timu ilipoacha kuwa ya kampuni ikawa ya watu.

Mwaka 1967 NHL ilipanuka kutoka timu 6 hadi 12. Pittsburgh ikapata timu kubwa, Hornets wakafa. 1970 ikawa zamu ya Buffalo. Mji mkubwa ulipopata timu kubwa, ile ndogo haikuwa na maana tena. Hershey ilinusurika na hilo kwa udogo wake, maana hakuna aliyefikiria kupeleka NHL kwenye mji wa watu 14,000. Timu mama zikawa zinapokezana: Boston, Pittsburgh, Buffalo, Washington, Philadelphia, Colorado, kisha Washington tena tangu 2005. Ndoa zimebadilika, nyumba ni ile ile.

Mtibwa Damu

Hapo kwenye "haikuwa na mtu wa kuiuza" bado nina mashaka. Amana nayo ina wadhamini, na wadhamini ni watu. Hawakujaribiwa?

Mwana Kyela

Walijaribiwa, mkuu, na ni mwaka 2002.

Wadhamini waliamua kuiuza kampuni ya chokoleti. Sababu yao ilikuwa kwamba mali ya shule imelundikwa kapu moja. Wrigley, wale wa jojo, waliweka mezani dola bilioni 12.5. Timu haikuwa sehemu ya mauzo hayo, ilikuwa chini ya kampuni nyingine ya amana ile ile, ya burudani na hoteli. Lakini kila mtu mjini aliuliza: wakiuza kiwanda leo, kesho watashindwa kuuza nini?

Mji ukanyanyuka. Wafanyakazi, wastaafu, wanafunzi wa zamani wa ile shule, watu ambao maishani mwao hawajawahi kushika bango, waliandamana kwenye Chocolate Avenue. Mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani, jaji akasimamisha uuzaji. Katikati ya Septemba wadhamini wakakataa ofa na mpango ukafa. Baadaye wengi wa wadhamini wale waliondolewa.

Sasa angalieni kalenda. Septemba 2002 mauzo yanakufa. Oktoba 2002, mwezi mmoja baadaye, Dubu wanahamia uwanja mpya, Giant Center, viti 10,500 hivi, hatua chache kutoka ule wa zamani. Mji uliotoka kupigania kiwanda chake ukaingia kwenye jengo jipya na timu ile ile. Mimi nilikuwa bado Kyela, sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hoki. Lakini mzee mmoja jirani yangu wa kiti, aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote, hunisimulia usiku wa mechi ya kwanza mpaka sauti inakwama.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu, Mtibwa Damu. Walikuwepo wa kuuza. Hawakuruhusiwa.

Kamba ya Pwani

Tupe basi na za karibuni. Hilo kombe la 13 la lini?

Mwana Kyela

2024. Lakini nianze nyuma kidogo.

Baada ya kurudi kwa Washington 2005, kombe likaja msimu huo huo, kocha Bruce Boudreau, ambaye baadaye alipandishwa kufundisha timu mama. Kisha 2009, msimu ambao Alexandre Giroux alifunga magoli 60. Kisha 2010, msimu wa ushindi mara 60, rekodi ya ligi. Fainali ya 2010 walipoteza mechi mbili za kwanza nyumbani dhidi ya Texas Stars, wakashinda nne mfululizo.

Halafu miaka 13 ya ukame. Tulikuwa tunaingia, tunatoka.

Juni 2023 wakafika fainali na Coachella Valley Firebirds, timu mpya kabisa, ya msimu wa kwanza, kutoka jangwa la California. Fikirieni: timu ya 1938 dhidi ya timu ambayo haijatimiza hata mwaka. Mechi ya kwanza tukapigwa 5-0. Ya pili 4-0. Mzee wa kiwandani hakunipigia simu siku mbili. Tukarudi nyumbani tukashinda tatu mfululizo. Ya sita tukapoteza. Ya saba huko huko jangwani, tarehe 21 Juni, nje joto linachoma, ndani barafu. Tukatanguliwa mawili bila. Tukasawazisha. Muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ndiye bingwa. Mike Vecchione akaupiga ule mpira mweusi ulio bapa, ukaingia. 3-2.

Ilikuwa usiku mwingi huku kwetu. Mke wangu alidhani kuna msiba, kwa kelele niliyopiga.

Mwaka uliofuata fainali ikawa na hao hao Coachella. Safari hii mechi ya sita, nyumbani Hershey, muda wa nyongeza tena, Matt Strome akamaliza, 5-4. Nilikuwepo. Kocha Todd Nelson, makombe mawili mfululizo. Watu wazima walikuwa wanakumbatiana na wasiowajua. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa ameshika picha ya baba yake, ndogo, ya ndani ya pochi, ameinyoosha kuelekea barafuni ili "aone".

Mama Nuru wa Bukavu

Na ile siku ya midoli? Watoto wangu wanaizungumzia hiyo tu.

Mwana Kyela

Dada, hiyo nilikuwa naihifadhi.

Kila Januari hivi kuna mechi moja ambayo kila mtu anakuja na midoli laini, dubu hasa. Hershey wakifunga goli la kwanza, uwanja mzima unaitupa barafuni, kisha inakusanywa na kugawiwa kwa mashirika ya misaada ya maeneo haya kwa ajili ya watoto. Desturi hiyo ilianzia Kamloops, Kanada, mwaka 1993. Hershey walianza 2001. Mwaka 2019 midoli 45,650. 2022, 52,341. 2023, 67,309. 2024, 74,599. Tarehe 5 Januari 2025, Jumapili, midoli 102,343. Gawanyeni kwa viti, ni karibu kumi kwa kila mtu.

Nilikwenda na mwanangu, ana miaka sita. Tulibeba kumi na mbili kwenye mfuko wa takataka, tulinunua duka la mitumba. Lilipoingia goli, sikusikia hata king'ora. Ilikuwa kama mvua ya masika ya kule kwetu inavyoanza kwa ghafla, ila inashuka kimyakimya, laini, ya kila rangi. Mmoja ulinipiga shingoni kutoka viti vya juu. Nikaudaka nikautupa mbele. Barafu ikapotea. Wachezaji, watu waliokuwa wanabamizana ukutani dakika moja kabla, walikuwa wanatembea na mafungu ya midoli kifuani, wengine wamejilaza juu yake kama watoto.

Mwanangu alitupa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa ameushikilia, wa kahawia, jicho moja limelegea. Nikamwambia si lazima. Akaniuliza, mtoto atakayeupata atajua jina lake? Nikamwambia atampa jina jingine. Akafikiri. Akanipa mimi nimtupie, kwa sababu mkono wake hauna nguvu ya kufika.

Mtibwa Damu

Mkuu. Sina neno.

Nairobi Kusi

Hapo umeniweza kabisa. Mechi ya midoli ijayo ikitangazwa tuambie humu, nitume yangu kwa njia yoyote.

Mama Nuru wa Bukavu

Kaka, safari ijayo tuende pamoja. Sisi tupo sita, gari letu lina nafasi moja. Watoto wa kanisani nao wana midoli wameikusanya.

Mwana Kyela

Imekubalika dada. Ratiba ikitoka nitaiweka hapa hapa. Tukutane mlango wa kusini saa moja kabla, foleni huwa ndefu, na hakikisheni midoli haina betri ndani. Mzee wa kiwandani nimeshamwambia, atatushikia viti.